Mtoto wa mbwa wa kienyeji anaweza kuwa masikio ya dada yangu?

Msomaji wa Dodoma ameniandikia hivi:

"Shikamoo Daktari. Naishi Nkuhungu, hapa mjini. Dada yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni, aliugua homa ya uti wa mgongo. Ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, ana mtoto wa miezi minne, na mumewe ni dereva wa malori, wiki nyingi hayupo. Watu wanapiga hodi mpaka wanaondoka na nguo zao. Maji yakitoka usiku yanafurika uani. Mtoto akilia chumbani, yeye yuko kwenye cherehani hana habari. Nimeona kwenye simu kuna mbwa wanaofundishwa kuwasikilizia viziwi. Jirani amenipa mtoto wa mbwa wa kienyeji, jike, wiki nane, tumemwita Popi. Anafundishika, au ni lazima ninunue mbwa wa kizungu kutoka Dar? Mmoja kaniambia nisubiri afikishe miezi sita, mwingine kasema mbwa bila kiboko hafundishiki. Halafu majirani zetu wa ukuta mmoja ni Waislamu, sipendi tuwaudhi."

Marahaba, mwanangu. Popi anafundishika, kuwa kwake wa kienyeji si kikwazo, na kazi unayoitaka inaweza kufanyika hapo hapo nyumbani. Ila kuna jambo lazima nilitangulize kabla sijagusa mafunzo, kwa sababu linamhusu mpwa wako.

Mbwa wa kazi hii huanza kuaminika akiwa na mwaka mmoja na nusu, mara nyingi akikaribia miaka miwili. Sasa piga hesabu. Siku ambayo Popi ataweza kuachiwa jukumu la kumwita mama mtoto akilia, mtoto mwenyewe atakuwa anatembea na kumvuta mama yake gauni. Kwa hiyo uchanga wa mtoto huyu utafutiwe njia nyingine, na utafutwe wiki hii. Mchana alale mahali ambapo mama anamwona akiwa anashona. Geuzeni cherehani ili uso wa dada uelekee kilipo kitanda cha mtoto. Usiku mtoto awe chumba kimoja na mama, karibu naye. Simu nyingi za kisasa, za Android na iPhone, zina sehemu ya kutambua sauti kwenye mipangilio yake: mtoto akilia, mlango ukigongwa au maji yakitiririka, simu hutikisika na kuonyesha maandishi. Mwashie dada leo hii, aiweke mfukoni au chini ya mto. Itakosea mara kwa mara, hasa redio ya jirani ikiwa juu, lakini kwa sasa ndiyo msaada uliopo. Viko pia vifaa vya kusikilizia watoto vinavyowasha taa au kutetemeka badala ya kutoa sauti. Na hata Popi atakapokomaa, msivitupe hivyo vifaa. Mbwa huugua, huchoka, husinzia.

Hilo likishaeleweka, nikueleze kwa nini nina imani na mpango wako.

Kama ungeniuliza kuhusu mbwa wa kumwongoza mtu asiyeona, ningekukataza kabisa kujaribu nyumbani. Mbwa wa kuongoza anatakiwa amkatalie mwenye mbwa pale anapoambiwa "twende" na kuna lori linakuja. Anatakiwa akumbuke tawi lililo juu ya kichwa cha mtu wakati yeye mwenyewe anapita chini yake bila shida. Akikosea mara moja kwenye barabara ya Singida, mtu amekufa. Ndiyo maana kazi ile ina vyuo vyake tangu mwaka 1916, Wajerumani walipofungua shule ya kwanza kule Oldenburg kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani wakafuata mwaka 1929, na Uingereza wakatoa mbwa wao wa kwanza mwaka 1931. Vyuo hivyo huchagua wazazi wa mbwa kizazi baada ya kizazi, vina walimu wa kudumu, na bado sehemu kubwa ya watoto wa mbwa wanaoanza hawafiki mwisho.

Mbwa wa kumsikilizia kiziwi ana kazi ya namna nyingine. Popi atasikia hodi hata usipomfundisha. Atainua masikio, atageuka, atakimbia. Sisi tunachobadilisha ni upande anaokimbilia: badala ya kwenda mlangoni kubweka, aende kwa dada amguse. Akikosea, mteja atasubiri nje kidogo. Tofauti hiyo ya gharama ya kosa ndiyo inayonipa ujasiri wa kukuambia anza.

Kuhusu mbwa wa kizungu, weka pesa yako mfukoni. Shirika la Uingereza la mbwa wa viziwi, lililoanza mwaka 1982, kwa miaka mingi lilichukua machotara kutoka vituo vya mbwa waliotelekezwa, kwa sababu kazi hii haidai umbo wala ukoo. Inadai masikio, udadisi na kupenda watu. Mbwa wetu wa Ugogo ana mwili mwepesi, anastahimili jua na anagundua kitu mapema. Kizazi na kizazi amelala zizini na kufuatana na vijana machungani. Tatizo lake ni moja, na ni kubwa: kazi hiyo hiyo ya ulinzi imemfanya awe mwepesi wa kumshuku mgeni. Mbwa anayewashuku watu hafai kwenye nyumba ya fundi ambako wateja wanaingia na kutoka. Kwa hiyo miezi ya mwanzo nguvu zenu nyingi ziende huko.

Mpime kwanza. Popi akiwa anacheza, simama hatua tano au sita kutoka kwake, dondosha kifuniko cha sufuria sakafuni, kisha usimtazame wala usiseme neno. Kila mtoto wa mbwa atashtuka, hilo halina maana yoyote. Angalia kinachofuata. Akisimama, akatazama, halafu baada ya sekunde chache akaja kukinusa kile kifuniko, una mbwa mwenye moyo wa kazi. Akijificha uvunguni na kukataa kutoka hata kwa chakula, itakuwa safari ndefu na huenda isifike. Asipogeuka hata kidogo, rudia siku nyingine akiwa hakuoni; asipojibu tena, mpeleke apimwe masikio. Mbwa weupe sana, hasa wenye macho ya bluu, wapo wanaozaliwa viziwi wao wenyewe. Kipimo hiki cha wiki nane hakisemi kila kitu. Kirudie akifika miezi sita, maana tabia ya mbwa hutulia taratibu.

Aliyekuambia usubiri miezi sita amekupa ushauri ambao ungekugharimu mbwa. Ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila woga kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Alichokutana nacho kwa usalama katika muda huo hukiona cha kawaida maisha yake yote. Asichokutana nacho, baadaye hukiogopa au hukibwekea. Popi amebakiwa na wiki sita za dirisha hilo. Hizi wiki sita ni za thamani kuliko mwaka mzima utakaofuata.

Shida ni kwamba wiki hizi hizi ndizo ambazo chanjo bado haijamkinga. Kuna virusi vya kuhara damu vinavyoitwa parvo, vinaua watoto wa mbwa kwa siku chache, na hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kwa hiyo asitembezwe chini mahali wanapopita mbwa wengine. Mbebe. Mtie kwenye kapu lenye kipande cha khanga, nenda naye pembezoni mwa soko la Majengo asubuhi, kaeni kivulini, atazame. Siku nyingine aone stendi ya Nzuguni kwa mbali, asikie honi za mabasi na wapiga debe. Aone bodaboda mwenye kofia ngumu, mzee wa mkongojo, kanzu, baibui, mtoto wa shule, mwavuli unaofunguliwa, mkokoteni, mbuzi. Kila kipya kinapotokea, apate kipande cha dagaa. Sehemu moja kwa siku inatosha. Akianza kupiga miayo bila usingizi, akilamba midomo, akilaza masikio na kufyata mkia, amezidiwa, rudi nyumbani. Kumlazimisha akae karibu na kinachomtisha ili azoee ni njia ya uhakika ya kumtengeneza mwoga.

Sasa kiboko.

Nitakuambia kitu ambacho huenda aliyekushauri hakukifikiria. Dada yako anazungumza kwa mikono. Mkono wake ukiinuka ni neno. Mbwa aliyepigwa, hata mara chache, akiona mkono unainuka huinama, hufumba macho, hurudi nyuma. Utakuwa umemfundisha Popi kuogopa lugha ya mwenye mbwa. Hatamtazama tena mikono, na mbwa asiyetazama mikono ya kiziwi hana namna ya kuambiwa kitu. Asipigwe na yeyote: na wewe, na shemeji akirudi safari, na watoto wa mtaa. Anapokosea, kosa hilo halilipwi. Anapopatia, analipwa papo hapo. Mkitaka ushahidi kwamba mnyama hufundishika bila fimbo, hauko mbali: Morogoro, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kwa mlio mdogo wa kubofya na kipande cha chakula, basi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapo, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa Uingereza. Panya huwezi kumchapa ukabaki na mfanyakazi.

Na hapa nakuja kwenye jambo ambalo familia nyingi zenye nia njema hulikosea. Wewe ndiye unayesikia, wewe ndiye mwenye hamu, kwa hiyo utajikuta unamfundisha Popi wewe. Mwisho wake utakuwa na mbwa hodari anayekukimbilia wewe. Popi ni mbwa wa dada. Dagaa watoke mkononi mwa dada. Chakula cha asubuhi na jioni akiweke dada. Alale chumbani kwa dada. Kazi yako wewe ni kugonga mlango, kufungua bomba na kukaa kimya. Najua dada ana mtoto mchanga na nguo za watu, lakini mafunzo yenyewe ni dakika tatu, mara tatu au nne kwa siku. Mtoto wa mbwa hana uwezo wa zaidi ya hapo. Muda mwingi uliobaki analala, na aachwe alale.

Alama za mkono achague dada mwenyewe kutoka Lugha ya Alama anayoitumia, ziwe chache, na nyumba nzima mzitumie zile zile. Alama ya kwanza ni ya "umepatia". Kidole gumba juu kinatosha: kidole, kisha dagaa, kidole, kisha dagaa, mpaka Popi akiona kidole tu mdomo unamjaa mate. Dagaa mkavu umkate vipande viwili au vitatu, asiwe wa chumvi, na upunguze chakula chake cha kawaida kwa kadiri hiyo. Kwa kumwita akiwa mbali uani, dada atumie filimbi. Hatasikia mlio wake mwenyewe, lakini Popi atausikia, na mlio ni ule ule kila siku.

Kabla ya sauti yoyote, afundishwe kugusa. Dada akae, aweke kiganja wazi pembeni ya goti. Popi atakuja kunusa, ndivyo walivyo. Pua ikigusa tu, kidole juu, dagaa. Baada ya siku kadhaa kiganja kihamie juu ya goti lenyewe, kisha kiondolewe taratibu, Popi abaki anagusa goti. Kwa kuwa dada ni fundi, chagueni goti moja, lile lililo mbali na gurudumu na mkanda wa cherehani, na Popi asilipwe hata siku moja kwa kupanda mikononi. Mbwa akirukia mikono wakati sindano inakimbia, utakuwa na kidole kilichotobolewa na kitenge cha mteja kilichochanika. Kucha zake zikatwe mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo.

Sauti ya kwanza iwe hodi. Dada akae hatua mbili tu kutoka mlangoni, mlango ukiwa wazi kidogo ili aone mkono wako. Wewe uko nje. Popi yuko ndani, hana kamba, hana shughuli. Gonga mara tatu, sema hodi kwa sauti yako ya kawaida, nyamaza. Popi atainua masikio na kutazama mlangoni. Dada ahesabu moja, mbili, kisha amwekee kiganja kwenye goti. Popi atageuka, atagusa, atalipwa. Wewe usiingie, ukiingia, atakupokea wewe na somo limekwisha. Rudieni mara tatu, muache. Kesho tena. Baada ya muda utaona kitu kinabadilika: unagonga, Popi anatazama mlango, halafu kabla kiganja hakijatoka anageuza kichwa kumtazama dada. Kwenye huo mgeuko wa kichwa ndipo mbwa msaidizi anapozaliwa. Ulipeni vizuri. Mkishaupata mara nyingi, fungeni mlango kabisa. Kisha dada akae mbali zaidi, kisha chumba cha pili, kisha akiwa anashona, kisha akiwa amejilaza.

Akiguswa, dada aulize kwa mikono "nini?", kisha asimame. Mwanzoni Popi atabaki anamtazama. Dada aelekee mlangoni naye, na malipo ya pili yatolewe hapo mlangoni. Kwa kurudia, akiona alama ya "nini?" atatangulia mwenyewe. Hilo ni muhimu zaidi mtakapokuwa na sauti mbili au tatu, maana kugusa kunasema tu kwamba kuna jambo, na kutangulia ndiko kunakoonyesha jambo liko wapi.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, Popi atagundua kwamba kugusa goti kunaleta dagaa, ataanza kumgusa dada bila sauti yoyote. Asigombezwe. Dada aulize "nini?", amfuate, akikuta hakuna mtu hakuna malipo, arudi kazini kwake. Uongo usiolipa hufa wenyewe. Mtego wa pili ni wewe. Popi ni mwerevu wa kutosha kujua kwamba ukitoka nje, mlango utagongwa. Atafanya kazi vizuri kila unapokuwepo, na atalala usingizi mteja halisi akija. Kwa hiyo mapema kabisa tafuta wagongaji wengine: mtoto wa jirani, muuza mboga, wateja wenyewe. Waambie wagonge kisha wasubiri. Na msiache kulipa eti kwa kuwa ameshajua. Si lazima iwe dagaa kila mara, anaweza kupata kukunwa shingo au kurushiwa mpira, lakini mfanyakazi asiyelipwa huacha kazi.

Akibweka mlango ukigongwa, mwacheni abweke, ila kubweka kusilipwe. Kugusa ndiko kunakolipwa, na mbwa hufuata malipo.

Sauti ya pili iwe maji, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua na haina hatari. Bomba letu lina tabia ya kukoroma na kutema hewa kabla maji hayajaja. Weka ndoo tupu ya plastiki chini ya bomba la uani, ule mlio wa matone ya kwanza kwenye ndoo unasikika wazi. Fanya mchana kwanza, dada akiwa karibu, kwa hatua zile zile za hodi. Usiku ni somo jipya, msidhani litakuja lenyewe: dada amelala, taa imezimwa, unafungua bomba, Popi anatakiwa ainuke na kumgusa mkono uliopo ukingoni mwa kitanda. Alipwe palepale gizani, kwa hiyo dagaa wawe kwenye kopo karibu na mto.

Sauti ya mtoto iwe ya mwisho. Rekodini kilio chake kwenye simu, mkipige kwa sauti ya chini wakati mtoto mwenyewe yuko mkononi mwa dada au kwako, na simu ndiyo iliyoko kitandani. Popi afundishwe kumwendea mama, asilipwe kamwe kwa kwenda kwa mtoto, kurukia kitanda au kulamba uso. Na sheria isiyo na ruhusa: Popi na mtoto wasibaki peke yao hata kwa dakika ya kuanua nguo. Sisemi hivi kwa kumdhania vibaya. Mbwa mpole akivutwa sikio na kitoto cha mwaka mmoja anaweza kujibu kwa meno kabla hajafikiri.

Kati ya miezi sita na mwaka na kidogo atabadilika. Ataonekana amesahau kila kitu, atatafuna pindo la gauni la bibi harusi, filimbi ataisikia na kuendelea na shughuli zake. Ni ujana. Rudini hatua mbili nyuma, mfupishe masomo, msikate tamaa. Akifika mwaka na nusu mkae chini wewe na dada, mjiulize kwa ukweli: anawapokea wateja kwa utulivu? Anarudi hali ya kawaida upesi akishtuka? Anafanya kazi na mtu asiyemjua akigonga? Kama anang'ata au anaishi kwa hofu, asilazimishwe. Abaki mbwa wa nyumbani mpendwa, na dada abaki na simu yake na taa zake.

Afya sitaiongelea kwa kirefu, ila haya yasipite. Minyoo apewe dawa kila wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu. Chanjo ya parvo na wenzake ianze sasa, irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Mara nyingi kuna kampeni za chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi yake itunzwe. Mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili za ugonjwa ule zikishaanza hakuna tiba. Avae mkanda shingoni kila wakati, na mwenyekiti wa mtaa ajue kwamba yuko na ana kazi gani, asije akahesabiwa na mbwa wanaozurura.

Jua letu nalo. Kabla ya kumtembeza kwenye lami, weka mgongo wa mkono wako chini. Ukishindwa kuuacha kwa sekunde saba, na yeye hawezi kutembea hapo. Atoke kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kiangazi mkague nyayo kila mnaporudi, mbigili ikikaa kati ya vidole siku mbili inatunga usaha. Kupe watolewe kila wiki, hasa ndani ya masikio, maana masikio ndiyo kazi yake. Na zabibu! Hapa kwetu zabibu ziko kila kona kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi, watoto wanazila na kuziangusha. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, hata chache. Asipewe hata moja, na akila, mkimbizeni kwa daktari kabla hajaonyesha dalili.

Daladala, benki na hospitali msiwe na haraka navyo. Kazi ya Popi iko nyumbani na kwenye kibaraza cha ushonaji, na hapo peke yake atakuwa amembadilishia dada maisha. Usinunue vizibao wala vyeti vinavyouzwa mtandaoni. Haviongezi hata somo moja.

Majirani zako. Umefanya vizuri kuwafikiria mapema. Nenda wewe na dada, kabla Popi hajakua, muwaeleze kazi yake ni nini. Waislamu wengi wa hapa kwetu huona mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mtu aliyetawadha akilambwa inamsumbua kweli. Lakini pia wanajua kwamba mbwa wa kazi ana nafasi yake katika dini yao, wa kuwinda, wa mifugo, wa ulinzi. Nanyi mtimize upande wenu. Popi awe na mkeka wake, na afundishwe kwamba mgeni akiingia yeye anakwenda kulala juu ya mkeka huo mpaka aambiwe vinginevyo; fundisheni hilo mapema kama mnavyofundisha hodi, kwa dagaa yule yule. Asilambe wageni. Vyombo vyake vya chakula viwe vyake tu na visioshwe bombani mnapochangia. Kinyesi kizolewe kila asubuhi. Na jirani wa kike akija kushonesha, mkeka uwe umewekwa upande wa pili wa chumba, mbali na kiti cha mteja.

Anza na chanjo na kapu la sokoni, kidole gumba kesho yake. Hodi isubiri mpaka awe anagusa goti bila kiganja. Mkifika hapo niandikie, unieleze anageuza kichwa upande gani unapogonga, nami nitakuambia kama ni wakati wa kufunga mlango.